Ujiji si jiji: tumeipima ziara ya mji wa Livingstone kwa anayetoka Dar

Ukinunua ziara ya Ujiji, mji wa zamani kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, hapa Dar unauziwa majina mawili: Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Tangazo huwa na sanamu za wazungu wawili, mmoja amevua kofia, na chini yake bei. Tuseme mapema: sanamu hizo na makumbusho yake utayamaliza kwa dakika arobaini, na kwa mtu aliyesafiri karibu kilomita 1,250 hiyo ni hasara. Fedha yako itarudi iwapo utaenda Ujiji kwa ajili ya Ujiji, na njia nyepesi ya kuuingia mji ule ni kulifuata jina lake.

Jina ndipo ziara nyingi zinapoharibikia. Mwongozaji anasimama chini ya mwembe na kutangaza kwamba hapa palikuwa pakubwa, pana soko na watu wa kila aina, ndiyo maana pakaitwa Ujiji, yaani jiji. Wageni wanaitikia. Maelezo ni matamu, ila si ya kweli, na kosa lake hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kulikamata.

Neno "jiji" limetokana na "mji". Mzizi ni -ji tu. Mtu ukimdogosha anakuwa kijitu, ukimkuza anakuwa jitu. Mji nao ukiudogosha unakuwa kijiji, ukiukuza unakuwa jiji. Hiyo ni kazi ya Kiswahili chenyewe. Jina Ujiji limekatwa kwingine: U- ni ile ya nchi, na -jiji ni jina la watu. Mjiji mmoja, Wajiji wengi, lugha yao Kijiji, nchi yao Ujiji. Ndiyo, lugha yao inaitwa Kijiji, na hapo ndipo mtu wa Dar hucheka akidhani anataniwa. Lugha hiyo ni jirani wa karibu wa Kiha. Wenyeji wa kule hutanguliza Bu- panapokaa U- yetu: Bujiji, kama Buha na Burundi. Misafara ya pwani ndiyo iliyoangusha b, sawasawa na ilivyofanya Buganda iwe Uganda.

Kwa msafiri wa treni hili si somo la darasani. Reli ya Kati inapita juu ya hizo U- moja baada ya nyingine. Unaondokea Uzaramo, maana Dar yenyewe imo Uzaramo hata kama waliozaliwa Sinza hawalifikirii. Morogoro uko Uluguru, Kilosa uko Usagara, Dodoma Ugogo, Tabora Unyamwezi. Kisha inakuja stesheni ambayo bado imebeba jina la nchi bila kubadilishwa hata herufi, Uvinza, yenye chumvi yake ya tangu enzi za misafara. Baada ya Uvinza ni ziwa, na nchi ya mwisho kwenye mstari ni Ujiji. Orodha hiyo ikiwa kichwani, hadithi ya "jiji" inaanguka bila kusukumwa.

Upo ushahidi wa pili. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipofika mwezi Februari 1858, Burton aliandika Ujiji kama jina la wilaya nzima. Makazi waliyofikia aliyaita Kawele. Baadaye watu wa pwani waliongezeka na ikajulikana sehemu mbili zikipakana, Kawele na Ugoi, ya pili ikiwa ndiyo ya Waarabu na Waswahili. Kwa hiyo hapakuwa na mji ulioitwa Ujiji tangu mwanzo. Msafara uliotoka Bagamoyo ulisema "tunakwenda Ujiji" kama leo mtu anavyosema anakwenda Usukumani, na jina la nchi likaishia kuumeza mji. Andika Kawele na Ugoi kwenye simu yako kabla ya kuondoka. Mwongozaji akiyajua, mwongeze posho. Asipoyajua, usimwaibishe, tafuta mzee kwenye baraza, toa shikamoo, kaa kwanza, halafu uliza sehemu za zamani za mji zilikuwa zikiitwaje. Ukianza na "Ujiji maana yake nini?" utarudishiwa lile lile jiji, kwa sababu ndilo wageni hupenda kulisikia.

Kuna kichekesho cha kiutawala pia. Ujiji leo imo ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Jina lina "jiji" ndani yake, lakini hadhi ya jiji haina.

Jina la ziwa, Tanganyika, nalo utaelezwa, tena kwa uhakika wa kutisha: tanga la chombo, na nyika. Hilo ni la vitabu vya shule za msingi. Burton alilieleza kama mahali maji yanapokutana na kuchanganyika. Stanley akaleta maana yake ya uwanda uliotandazwa. Wasafiri wawili, maana mbili, na wote walikuwa wanauliza kwa wakalimani. Chukua tanga na nyika kama kumbukumbu tamu ya jina lililopewa nchi nzima mwaka 1920, usilibebe kama ukweli.

Sasa makumbusho. Yapo upande wa Ujiji, kama kilomita saba au nane kusini ya katikati ya Kigoma, na barabara inayoteremkia huko inaitwa Livingstone, jina ambalo mtu wa Kariakoo analo mtaani kwake. Ndani zipo zile sanamu za ukubwa wa binadamu, zimetengenezwa kwa karatasi iliyolowekwa na kugandishwa, na michoro ya ukutani. Nje kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika iliyopitiwa na msalaba, na kibao kinachosema kwamba chini ya mwembe uliokuwa hapo Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Soma kibao taratibu: "uliokuwa hapo". Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe unayoiona inaelezwa kuwa ni uzao wake, na kivuli chake kizuri, lakini usilipe ziada kwa ajili ya "mti ule ule".

Tarehe pia ina mgogoro. Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku, Stanley naye alikuwa amelala na homa njiani mpaka hesabu yake ikayumba. Shajara ya Livingstone inaelekeza mwisho wa Oktoba. Ule usemi maarufu wa "nadhani wewe ndiye Dkt. Livingstone" hauna shahidi ila Stanley, na karatasi za siku hiyo kwenye shajara yake zilichanwa. Mwongozaji mzuri atakueleza hayo bila kuogopa kupunguza utamu. Atakuongezea na watu ambao sanamu hazikuwaweka: Susi na Chuma, watumishi Waafrika wa Livingstone. Susi ndiye aliyetoka mbio kuupokea msafara, na ni hao wawili pamoja na wenzao waliobeba maiti ya Livingstone mwaka 1873 kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Mwongozaji asipomtaja Susi ndani ya dakika kumi za mwanzo, jua umepewa mwenye kukariri.

Ukisikia kwamba wawili hao walikutana Burundi, hilo nalo lina chanzo. Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, lipo jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Walilala pale kweli, lakini walikuwa tayari pamoja, wametoka Ujiji kwenda kaskazini kuuangalia mto Rusizi. Wakaukuta unaingiza maji ziwani, hautoi. Hapo ndipo ndoto ya kuwa Tanganyika ni chemchemi ya Nile ilipokufa.

Kilicho bora zaidi, na ambacho vifurushi vingi hukipitia kwa dirisha la gari, ni mji wenyewe kati ya makumbusho na maji. Tenga saa mbili, utembee kwa miguu. Ni mji wa Kiswahili uliopandwa mbali na bahari: nyumba za matofali ya udongo zenye baraza mbele, misikiti, kanzu Ijumaa, na Kiswahili kinachotiririka bila haya kwa sababu kipo hapo tangu enzi za pembe na watumwa. Kumbuka kwamba utajiri uliouinua mji ulipita juu ya migongo ya watu. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, njia iliyowekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006 pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa na Kwihara. Wengi waliovushwa walitoka ng'ambo ya ziwa, Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Ukiwahi kupita Msikiti wa Manyema pale Kariakoo, uzi ule unaanzia huku.

Soko nalo lina historia inayostahili kusimuliwa papo hapo, si hotelini. Karne ya 19 fedha ya soko la Ujiji ilikuwa shanga ziitwazo sofi, vipande vyeupe vidogo kama vya shina la kiko lililovunjika. Cameron, mpelelezi wa Kiingereza aliyepita mwaka 1874, aliona watu wenye mifuko ya sofi: asubuhi wanabadilishana na wanunuzi, soko likifungwa wanazinunua tena kutoka kwa wauzaji. Mtu wa Dar hahitaji kufafanuliwa zaidi. Wale walikuwa mawakala, wa kuweka na kutoa, bila simu.

Ufukweni kuna kitu kimoja cha kukaa nacho karibu: mafundi wa vyombo. Kazi ni ya mkono. Shoka, tezo, misumari, na kalafati ya pamba inayopigwa kwa patasi kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Sogea usikilize mlio. Patasi ikiingia kwenye pamba iliyolegea mlio ni mfu. Pamba ikijaa, mlio unakuwa mkavu na wa juu, na fundi anahamia inchi chache mbele. Ubao mbichi ukipigiliwa kabla haujakauka hunywea baadaye, pamba inalegea, chombo kinavuja, ndiyo maana utaona mbao zimepangwa kivulini na kazi inaonekana kama imesimama. Haijasimama. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kama umekaa nusu saa ukiuliza maswali, acha hela ya chai.

Utajiuliza mbona mji maarufu hivi hauna bandari kubwa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ziwa. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mdomo unaotoa maji ya Tanganyika, na katikati ya karne ya 19 ulikuwa umezibwa. Ulipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalishuka mita kadhaa, na pwani ya Ujiji, ambayo tangu hapo ni ya mteremko mdogo, ikarudi nyuma. Ya pili ni Wajerumani: reli iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 ilifika ziwani mwaka 1914, na waliipeleka Kigoma kwenye ghuba yenye kina. Huko ndiko ilikoungwa meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa kwa vipande kwenye makasha, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hilihili upande wa kusini. Kwa hiyo usidanganyike na kifurushi kinachosema "Liemba, Ujiji". Meli ni habari ya Kigoma. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, kwa hiyo njia za chini ufukweni huwa na maji. Vaa kandambili, viatu vyako vya ngozi viache chumbani.

Usafiri. Ndege ya Dar hadi Kigoma inakupa siku mbili zaidi za kutembea, na kwa mwenye likizo fupi hakuna mjadala. Basi linaondokea kituo cha Magufuli, Mbezi, na ni safari ya kuchosha kweli. Usipange ziara siku uliyoshuka. Treni ya reli ya zamani ndiyo inayokupa zile U- zote, na hesabu yake ni siku mbili njiani, ikienda vizuri. Kwa kawaida daraja la kwanza lina vitanda viwili chumbani, la pili sita, la tatu ni viti. Wanaume na wanawake hutenganishwa vyumbani, hivyo familia ikitaka kukaa pamoja inunue vitanda vyote vya chumba. Siku za kuondoka hubadilika. Thibitisha stesheni wiki hiyohiyo, usitegemee ratiba iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Treni inapoharibikia panajulikana: kati ya Kilosa na Gulwe, ambako reli inakaa bondeni na mafuriko ya masika huikata. Kuanzia Machi mpaka Mei acha siku mbili za akiba upande wa kurudi, usipange mkutano Dar asubuhi ya kufika. Wengine wameanza kuchukua treni ya umeme mpaka Dodoma na kudandia ya Kigoma pale. Inawezekana, lakini stesheni hizo mbili za Dodoma haziko pamoja: mpya iko nje, ya zamani iko katikati ya mji. Weka muda wa kutosha wa bajaji na mizigo.

Malazi chukua Kigoma, maana ndiko kuliko na hoteli nyingi, na Ujiji uende kwa daladala au bajaji. Toka asubuhi. Saa sita jua la Ujiji halina mzaha, na Ijumaa mchana shughuli husimama kwa ajili ya swala. Vaa la heshima, hasa kwa wanawake walio kwenye mitaa ya ndani. Mtandio mwepesi unatosha. Beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havilingani, na omba risiti.

Chakula ni mgebuka. Ukaangwe mkavu au upikwe kwa mawese, na ugali wa muhogo pembeni. Kuhe akipatikana, chukua kuhe. Lakini samaki wa Tanganyika ana kalenda. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Ziara ikiangukia mbalamwezi utakuta ufuko mtupu na bei juu. Tazama pia kama ziwa limefungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Wa kubeba nyumbani ni dagaa, na kosa la kawaida ni kununua kwa rangi. Dagaa wa chanja na wa mchangani wanaweza kung'aa sawa. Chota kiganja kimoja, weka kwenye karatasi nyeupe, tikisa, ondoa dagaa, tazama kilichobaki. Halafu tafuna mmoja mkavu; ukisikia mchanga kwenye jino, acha, hata kama muuzaji anaapa. Mkunje mwingine: aliyekauka huvunjika kwa mlio, aliyepinda bila kuvunjika ataota ukungu kabla hujafika Morogoro. Funga kwenye mfuko unaopumua, si nailoni. Mawese yatiwe kwenye dumu lisilojaa pomoni, acha vidole vitatu juu, kwa sababu yanatanuka kwenye joto la behewa. Zungushia kizibo utepe, na dumu lisimame kwenye ndoo. Wa ndege aulize shirika kabla ya kununua.